Asubuhi Haboba Alipolala Chini ya Pikapu

Rafiki yangu, wiki iliyopita fundi mmoja wa Kisenyi, hapa Kampala, alichomeka kidude kwenye gari langu, akatazama kioo chake, akaniambia breki zina nini. Hakuinama hata kidogo. Nikamkumbuka Haboba, maana ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi.

Alikuwa na pikapu kuukuu aliyoachiwa na babu. Asubuhi ya harusi ya shangazi, sinia za gurusa, ile mikate yetu myembamba, zilikuwa zimeshapakiwa zikiwa za moto, na wanawake wamejaa nyuma wakipiga vigelegele. Haboba akajaribu breki kabla ya kuwasha injini. Pedeli ikazama taratibu hadi chini.

"Shukeni wote."

Jirani yetu, polisi mstaafu kutoka kaskazini, akafungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa yamepungua. "Mama, ongeza tu, twende. Iko sawa."

"Haiko sawa, afande. Yaliyopungua yamekwenda wapi?"

Haboba akazuia magurudumu kwa mawe, akaniketisha kwenye usukani. Nilikuwa na miaka tisa. "Kanyaga, usiachie." Kisha akajilaza chini ya gari na nguo zake za sherehe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili huku shangazi akilia kwamba bwana harusi anamngoja Port Bell, kule ziwani. Hata mimi nilikuwa na hasira.

Haboba akatoka na kidole kimelowa. Akakinusa, akakisugua. "Si maji, wala si oili. Mpira unaopitisha mafuta ya breki za nyuma unavuja."

"Nitaendesha mimi, pole pole," alisema jirani.

"Gari halijui harusi, afande. Kanyaga kwa nguvu, ujionee."

Jirani akapanda mahali pangu, akakanyaga. Mpira ukapasuka, mafuta yakamwagika kwenye vumbi.

"Mama," alisema akiyatazama, "ule mteremko wa Port Bell…" Alishuka, akajitwika sinia ya kwanza kichwani, akatutangulia barabarani kutafuta usafiri.

Tulichelewa sana, gurusa zikapoa, na shangazi akaolewa.

Ua wetu wa wakati ule sasa ni safu ya maduka. Jirani alirudi kwao, na Haboba tulimzika zamani. Shangazi ana wajukuu, nami huwatazama wakikimbizana, nikikumbuka kwamba siku ile nilimnunia bibi yangu hadi nikalala bila kumpa salamu. Kesho yake aliniamkia kama kawaida, akanipa chai. Sikuwahi kumwambia asante.