Eda ya Mtu Asiyezikwa

Wewe unayesoma, ungekubali kukaa eda ya mume ambaye hakuna aliyemwosha, hakuna aliyemsalia, wala hakuna awezaye kukuonyesha kaburi lake?

Sharifa hakukubali. Alikuwa mkulima wa kabichi na viazi pale Malindi ya milima ya Usambara, juu ya Lushoto, mama mwenye viganja vipana na ulimi usiojua kuremba. Mumewe, Hamza, alikuwa mtu wa maneno machache mpaka siku kampuni ya mbao ilipokuja kulitaka bonde lao. Zilikuwa zama za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa mwenye nacho kuizungushia uzio chemchemi ya kijiji na kuiita yake. Magazeti yaliyaita hayo mageuzi. Hamza akasimama mkutanoni akasema bonde haliuzwi, na watu wakampigia makofi. Wiki haikwisha, akateremka Mazinde na magunia yake ya kabichi, na pale pale kando ya barabara kuu wanaume wawili wakamshika makwapani, wakamsukumia ndani ya Landrova ya kijani isiyo na namba. Wachuuzi waliona. Mama ntilie waliona. Hakuna aliyepiga yowe.

Hilo lilimchoma sana Sharifa. Huku milimani yowe likipigwa, hata mgonjwa hujikokota mlangoni aone kuna nini, na aliyetoka hawezi tena kusema hakuona.

Kituoni kwa polisi wakasema hawamjui. Ofisini wakamcheka, wakasema huenda mzee kapata kimwana Mombasa. Kila alikokwenda, shemeji yake Abubakari, mdogo wake Hamza, alikuwa naye. Ndiye aliyemsemea pale Kiswahili cha maofisa kilipompiga chenga, ndiye aliyemshikia mwavuli mvua iliponyesha. "Damu ni damu, shemeji," alimwambia. "Tutampata tu." Na Sharifa akamwamini kama alivyouamini mkono wake wa kulia.

Mwishowe likaja tumaini. Mkubwa mmoja kutoka mkoani angefika Lushoto siku ya Jumatano kusikiliza wenye malalamiko, na Sharifa akaahidiwa nafasi ya kusema. Jumatatu asubuhi alikuwa jikoni anasonga bada, ugali wao wa nyumbani, alipoona wanawake wanaingia uani na shuka nyeupe. Nyuma yao beberu alikuwa akivutwa kwa kamba, analia.

"Vua hizo kanga nyekundu, mwanangu," akasema shangazi Rukia, dada wa baba yake Hamza. "Msiba umekufika, na wewe bado unanukia vitunguu."

"Msiba wa nani, shangazi?"

"Wa mumeo, wa nani tena? Leo tunasoma hitma. Kuanzia sasa umo edani, miezi minne na siku kumi. Hutoki, hupandi gari, husemezani na wanaume wa kando."

Sharifa aliuacha mwiko ndani ya chungu. "Hata Jumatano?"

"Kwani eda ina Jumatano?"

Mwanamke mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Sharifa hakucheka. Alikuwa ameuona mtego wote kwa mara moja. Maiti haitafutwi. Na mjane aliye edani hapandi gari kwenda kumshtaki mtu.

"Nani kaleta habari hii?"

"Abubakari."

Sharifa akatoka. Abubakari alikuwa amesimama uani na Sheikh Abdallah wa msikiti wao. Miguuni alivaa gambuti mpya za njano. Watu aliwaambia kazipata mnadani, ingawa pale Malindi hakuna aliyevaa gambuti za namna ile isipokuwa wasimamizi wa kampuni.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana."

"Sheikh, mtu aliyepotea husomewa hitma?"

"Aliyepotea, hapana. Huyo hata mkewe hakai eda mpaka jambo lake lithibitike. Lakini ndugu yake ameapa mbele yangu kwamba kaburi ameliona kwa macho yake."

Sharifa akamgeukia shemeji yake. "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Wapi?"

"Huko chini. Kwenye mkonge."

"Nani alikuonyesha?"

"Shemeji, mengine tumwachie Mungu."

"Mungu hakumpakia Hamza kwenye Landrova."

Wanawake wakasogea karibu. Shangazi Rukia akateremsha shuka lake begani. "Mjibu, mtoto wa kaka yangu. Hata mimi nataka kwenda kumwagilia maji kaburi la Hamza."

Abubakari alitazama gambuti zake.

"Vizuri," Sharifa akasema. "Basi Jumatano sitakwenda kulalamika peke yangu. Nitakwenda na shahidi. Aliyeonyeshwa kaburi anamjua mchimbaji."

"Sharifa, hujui hawa watu!" Sauti ya Abubakari ilipanda ikakatika. "Waliniambia ukitulia utapona. Nilikuwa nakuokoa!"

"Ulikuwa unanizika na mume wangu, shimo moja."

Sheikh Abdallah alikunja mkeka wake taratibu. "Hapa hakuna hitma," akasema, akaondoka bila kumpa Abubakari mkono. Beberu, aliyekuwa amesahauliwa pamoja na kamba yake, akaanza kutafuna pindo la shuka la eda, na hakuna aliyemfukuza.

Siku hiyo bada haikulika. Kampuni Sharifa aliijua tangu mwanzo: mgeni mwenye tamaa, atakuchukulia chako ukimwachia. Kilichomuuma ni ule mwavuli. Kila ofisi waliyoingia, jibu lilikuwa limeshawatangulia, na yeye akidhani ni bahati mbaya. Kumbe aliyemfunika asilowe ndiye aliyekuwa akiyapeleka maneno yake kwa wenye Landrova. Na baada ya maneno ya leo uani, mbele ya kijiji kizima, wenye Landrova nao wangesikia kwamba mtu wao ameropoka kuhusu kaburi.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa haujaliacha bonde. Sharifa alikuwa akiteka maji alipoiona ile Landrova ya kijani imesimama ng'ambo, mlangoni kwa Abubakari. Wanaume wawili walikuwa wamemshika makwapani. Alikuwa peku. Gambuti za njano zilibaki kizingitini, na mkewe Tatu alisimama nyuma yake ameuma kanga. Kabla hawajamwinamisha kichwa kumwingiza ndani, Abubakari aligeuka, akamwona shemeji yake.

Sharifa alisimama na ndoo yake. Angeweza kunyamaza, kama Mazinde walivyonyamaza.

Aliitupa ndoo akapiga yowe.

Mlima uliurudisha ule mlio. Mlango mmoja ukafunguka, halafu wa pili. Shangazi Rukia akatoka mbio na shuka mkononi. Barabarani, waliokuwa wakipakia kabichi kwenye lori walishuka wakasimama katikati ya njia, na Landrova, iliyokuwa imeshaanza kuteremka, ikapunguza mwendo mbele ya macho yao wote.