Piano ya Viwavi, Kilio cha Mwanangu

Memsabu niliyemfanyia kazi karibu na Elmenteita miaka ya hamsini alikuwa na huruma sana. Alihurumia viwavi. Hao viwavi wake wa hariri, waliokula majani ya mforosadi kushinda ng'ombe, walikuwa na gramafoni yao, juu ya meza ileile ya trei zao. Asubuhi piano, jioni piano, haki ya Mungu! Meza ikitetemeka, viwavi wanaacha kula na kuinua vichwa.

"Ona, dudu nasikia!" memsabu alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwanangu mchanga, yeye, hakuruhusiwa hata kukohoa. Kwetu mama hufanya kazi na mtoto mgongoni, lakini memsabu aliamini kilio cha mtoto kinaharibu hariri. Basi nilimwacha kwa jirani kule laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi, nikakata majani huku maziwa yakilowesha gauni. Ningefanyaje? Mume wangu alikuwa mbali, kwenye kazi ya reli, na ukipoteza kazi pale umepoteza na chumba.

Jirani akashikwa na malaria. Nikaja na mtoto, nikamlaza kwenye gunia mlangoni, kando ya trei moja iliyokosa nafasi mezani ikawekwa kitini. Si alilia! Siku nzima alilia, kesho yake pia, mpaka memsabu akaja mbio.

"Dudu yangu nakufa, wewe nakwenda!"

Baadaye akaona heri angoje vifuko vya hariri. Vikiwa vibovu, nihame. Niliogopa, nisidanganye mtu. Mimi Mkristo mzima nilipiga magoti kuombea viwavi.

Vifuko vikatoka. Vya mezani, vya wapenda piano, vilikuwa vyembamba, na viwavi wengine hata hawakumaliza kufuma. Vya kitini vilikuwa vinono, vigumu. Mtu mwingine angeitazama ile meza. Memsabu akamtazama mwanangu.

"Mzuri sana! Dudu mpya nakuja, toto nalia hapa kila asubuhi."

"Akishiba halii, memsabu."

Akafikiri kidogo, kwa huruma yake yote.

"Basi wewe hapana kupa yeye maziwa."

Nikamtoa mwanangu guniani. Nikatoa trei kitini, nikaketi mimi, nikamnyonyesha mbele ya memsabu, titi hili kisha lile, mpaka akalala. Ndipo nikaenda kutoa vitu vyangu chumbani.