Valvu ya Mpingo

Namshukuru Mwenyezi Mungu, atoaye pumzi na kuichukua kwa wakati aujuao Yeye. Kwake hakuna kinachopotea.

Mwanangu wa pekee alikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya kuchimba visima vya mafuta. Aliporudi kwangu Newala, figo zake zilikuwa zimeshindwa. Mkobani alileta valvu ya chuma iliyolika. Alinieleza kwamba pampu husukuma tope lenye mchanga kwa nguvu kubwa mno. Valvu inapofunga, chembe hubanwa katikati, tope likapenya na kukata chuma kama msumeno. Siku moja valvu ya namna hiyo ilishindwa, bomba likapasuka, likamuua mwenzake.

Alitaka kubadili umbo la valvu hiyo: ukingo uwe mkali zaidi, na mpira utangulie kuziba kabla chuma hakijagusa chuma.

"Baba, nichongee ya mpingo, wenzangu waione. Nami niione ikiziba kabla sijaondoka."

Nimechonga tangu ujana. Nikachonga, nikapiga msasa hadi ikang'aa. Tukaivisha mpira wa tyubu ya pikipiki, tukaifunga kwenye bomba la tangi letu la maji ya mvua, tukamimina maji ya udongo mwekundu. Ikavuja.

Akaigeuza mkononi, akacheka hadi akakohoa. "Baba, umechonga valvu au kinyago?"

"Kinyago hakivuji," nikamjibu.

"Nilitaka ukingo ukate. Wewe umeubembeleza."

Ni kweli. Mkono wa mchongaji wa huku hauachi ncha. Hurudi wenyewe kuipapasa. Nikaanza nyingine, bila msasa. Mpingo hautaki haraka, naye alikuwa akiisha.

"Wewe chonga tu," mama yake aliniambia. "Mimi nipo naye."

Ilipokamilika hakuweza tena kutoka nje. Nikaifunga kwenye kipande cha bomba, nikakipeleka kitandani pamoja na ndoo ya maji ya udongo, nikamimina. Akakinga kiganja chini, akangoja.

"Pakavu, Baba," alisema, akafumba macho.

Kesho yake, baada ya alasiri, tulimzika.

Wenzake walikuja msibani, wakaichukua ile iliyoziba. Kama wameitengeneza ya chuma, sijui, sijauliza. Iliyobaki kwangu ni ile inayovuja. Udongo umekaukia ukingoni mwake, penye alama za vidole vya mwanangu, nami siuoshi.

Ewe unayesoma, Mola ailinde mikono ya wanao kazini, na akupe subira kabla hujaihitaji.