Ramani ya Dada

Kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia Morogoro, baba alituletea moja yenye gemu ya kutafuta hazina mapangoni. Haikuwa na ramani, kwa hiyo dada alichora njia kwenye daftari huku mimi nikibonyeza. Tulipotea kila siku, tukacheka.

Miaka ilipita, dada akaolewa Dumila, nami nikanunua toleo jipya la gemu ile. Milima yake ilipendeza kama Uluguru baada ya mvua, na mshale ulionyesha kila njia. Dada alipokuja kutusalimia, nilimwita tucheze.

"Njia unaonyeshwa, mdogo wangu? Sasa mimi nichore nini?" aliuliza, akaenda kumsaidia mama jikoni.

Niliimaliza peke yangu wiki iliyofuata. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua hazina ile ni kitu gani.