Pijo Iliyotolewa Kama Ng'ombe

Mwezi wa sita mwaka 1990, Bigirimana na mkewe Swafiya walipata mtoto baada ya kungoja miaka minane. Sisi majirani zao wa Nyamirambo tulikuwa tumeacha kuuliza. Siku ya nane, mtoto alipopewa jina la Umuhoza, uani kwao hapakuwa na pa kuweka mguu. Mashangazi wa Swafiya walikuwa jikoni na masufuria ya pilau. Mzee Habumugisha, fundi cherehani aliyekuwa akiongoza sherehe zote za mtaa wetu, alikuwa amesimama katikati ya wageni na fimbo yake, akigawa zamu za kusema. Mimi nilikaa karibu na mlango, na nilisikia kila neno. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilikuwa na uzito.

Bigirimana alikuwa dereva katika wizara moja kule Kacyiru. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyokubali kukaa bure. Ufundi alifundishwa na Mbelgiji mmoja ambaye, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia seti ya spana na gazeti la magari. Ndani ya gazeti kulikuwa na picha ya gari la zamani lililokatwa paa likawa fupi, halina madigadi, injini iko wazi, na mabomba ya moshi yamelala ubavuni. Picha hiyo Bigirimana aliibandika juu ya kitanda.

"Wenzangu wanatundika picha ya Makka," Swafiya alikuwa akituambia. "Mimi nalala na gari lisilo na nguo."

Zamu ya mwisho siku ile alipewa Munyaneza. Huyu alikuwa dereva wa mkurugenzi katika wizara ileile, na kwa miaka kumi yeye na Bigirimana walikuwa wameketi benchi moja wakisubiri wakubwa. Alisimama, akafuta mdomo.

"Mimi ni mtu masikini," alisema. "Lakini leo siwezi kurudi nyumbani hivihivi. Bigirimana, nakupa ng'ombe."

Watu wakageuka kumtazama.

"Haiko na pembe. Haiko na maziwa. Inakunywa kuliko mimi, na iko inalala nyuma ya nyumba yangu tangu mwaka wa themanini na mbili." Akangoja kidogo. "Lakini wewe ukiiamsha, itatembea."

Ilikuwa gari, Pijo 403 aliyorithi kwa mjomba wake, kutu tupu. Wageni walicheka mpaka mtoto akaamka. Bigirimana hakucheka. Alisimama, akashukuru kwa maneno yote ambayo mtu husema akipewa ng'ombe, huku akifuta macho kwa kiganja.

Kwetu kumpa mtu ng'ombe si kama kumpa blanketi. Tangu siku hiyo mnakuwa ndugu. Unaapa kwa jina lake. Akikuomba kitu humnyimi, wala yeye hakunyimi. Na karatasi haipo. Wapo watu waliosikia, basi. Gari lina kadi ya njano yenye jina la mwenyewe, lakini Bigirimana angewezaje kumwendea mtu aliyempa ng'ombe akamwambia, nipe na kadi? Ingekuwa kama kumtemea mate mlangoni. Swafiya alimgusia jambo hilo mara moja tu.

"Ng'ombe haina kadi, mama Umuhoza," alijibiwa.

Wiki mbili baadaye Bigirimana alikwenda kwa Munyaneza kushukuru, kama desturi inavyotaka. Desturi inataka bia ya ndizi. Yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, alipeleka kreti nne za Fanta na sinia la pilau, na Munyaneza akacheka mpaka akashika mbavu. "Ng'ombe bila pembe, na pombe bila pombe! Sisi tunafaana, ndugu."

Mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini. Barabara ya Uganda ikafungwa, petroli ikawa ya foleni, na saa za kutotoka nje zikaja. Nakumbuka miaka ile kwa sauti zilizotoka upande wa pili wa ukuta wetu. Msumeno wa chuma ukikata nguzo za paa, ukipunguza kiganja kizima kila nguzo, jioni baada ya jioni, maana kukata kwa moto kungepinda bati. Kisha nyundo. Kisha mashine ya kuchomelea, ambayo ikiwashwa taa zetu zilififia na wanafunzi wangu wa historia wakabaki na madaftari yasiyosahihishwa. Injini aliipata kwa wauza vipuri wa Gatsata, ya Pijo 504 iliyopinduka. Difu ilitoka kwenye pikapu. Kioo cha mbele alikatiwa na fundi wa madirisha, kwa sababu kile cha asili hakikuingia tena baada ya paa kushuka. Swafiya alishona viti kwa ngozi ya bandia nyekundu, na akavunja sindano kumi na moja.

Munyaneza alikuja kila Jumapili. Hakuwa fundi, lakini alikuwa akishika kurunzi na kupiga soga.

"Wewe Bigirimana, tangu lini ng'ombe inakatwa kichwa ndiyo ipone?"

"Shika taa vizuri, bwana. Unanimulika macho."

"Nakumulika akili. Inaonekana iko mbali."

Kila aliyeuliza gari lilitoka wapi alijibiwa hivyohivyo: Munyaneza alinipa ng'ombe.

Ilitembea mara ya kwanza siku ya Sikukuu ya Kuchinja, mwaka 1993. Niliiona ikitoka: fupi, nyeusi, magurudumu ya mbele yako wazi kama goti la mtu aliyepandisha suruali. Ilinguruma ikateremka hadi msikitini, na barabara nzima ikasimama. Munyaneza alikuwa ameketi kushoto kwa... hapana, kulia, kwa sababu huku dereva huketi kushoto. Alikuwa analia waziwazi. Sijui kama machozi yale yalikuwa ya uongo. Nimeyafikiria sana, na bado nadhani yalikuwa ya kweli.

Wiki chache baadaye aliomba gari kwa Jumapili moja, akaionyeshe kwa bosi wake Kimihurura. Bigirimana alijaza tangi kwanza ndipo akampa ufunguo.

Lazima niseme pia hali ilivyokuwa wizarani. Vyama vya siasa vilikuwa vingi, mawaziri walikuwa wakibadilika, na kila mkubwa mpya alikuja na madereva wake. Munyaneza alikuwa na watoto sita. Jina lake lilikuwa limeandikwa katika orodha ya watakaoachishwa kazi, likafutwa, likaandikwa tena. Mkurugenzi peke yake ndiye aliyeweza kulifuta kabisa.

Mwezi wa nane mkurugenzi alimwoza binti yake. Bigirimana alipangiwa kubeba wageni kwa basi dogo la wizara, akawafikisha, akabaki amesimama kando ya ua pamoja na madereva wengine. Ulipofika wakati wa zawadi, wakubwa walitoa ng'ombe wao, mmoja mmoja, na mchunga ng'ombe akawasifu kwa mashairi. Kisha Munyaneza akaomba neno. Alikuwa amevaa koti la kuazima.

"Mimi ni mtu masikini," alisema. "Lakini leo siwezi kurudi nyumbani hivihivi. Mheshimiwa, nakupa ng'ombe."

Bigirimana aliniambia kwamba hapo bado alitabasamu. Alidhani Munyaneza amenunua mbuzi na anamwita ng'ombe.

"Haiko na pembe. Haiko na maziwa." Akangoja kidogo, palepale alipongoja mara ya kwanza. "Iko inachungwa Nyamirambo. Jumamosi itafika."

Wageni walicheka na kupiga makofi. Mkurugenzi alisimama, akamkumbatia dereva wake mbele ya watu wote. Na Bigirimana, mwenye mali hiyo, alisimama kando ya ua akiwa ameshika kofia. Mtu akitoa ng'ombe hakatizwi. Tena wote wawili walikula mkate wa mkurugenzi huyo. Alirudisha wageni kwa basi, mmoja mmoja hadi milangoni kwao, kisha akaenda moja kwa moja kwa Munyaneza. Alimkuta uani, amekwisha kuvua lile koti.

"Umetoa ng'ombe ya nani leo?"

"Ndugu, kaa kwanza."

"Sikai. Ya nani?"

Munyaneza aliingia ndani, akatoka na kadi ya njano. "Angalia mwenyewe. Iko na jina langu."

"Ulinipa mbele ya watu."

"Nilikupa mabati! Ilikuwa mchezo, Bigirimana. Mtu anapewa mabati ya kutu, analia kama amepewa inyambo, zile ng'ombe za mfalme. Nani anatoa gari kama ng'ombe?"

"Na mkurugenzi umempa nini leo?"

Mkewe aliita watoto waingie ndani. Munyaneza alisema kwa sauti ya chini, "Wewe una mtoto mmoja." Ndiyo jibu pekee alilotoa, na Bigirimana akaondoka nalo.

Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi alizitumia kutafuta waliosikia. Jambo lilikuwa wazi: wakitokea wawili watatu wakaenda kwa mkurugenzi kwa adabu, wakamwambia mheshimiwa, ng'ombe huyu alikwisha kutolewa, mkurugenzi angeona aibu kumpokea. Hata mtu mkubwa hapokei ng'ombe wa mtu mwingine mbele ya mashahidi.

Alianza na Mzee Habumugisha. Mzee hakuinua macho kwenye cherehani.

"Siku ile nilikuwa nagawa zamu, mwanangu. Mgawa zamu hasikilizi."

"Mzee, wewe ndiye uliyemwambia asimame."

"Nimewaambia wengi wasimame. Siku hizi afadhali watu wakae."

Mashangazi wa Swafiya walikuwa jikoni, hawakusikia vizuri. Dereva mmoja alikuwa amesafiri. Mwingine alikumbuka sherehe, akakumbuka pilau, akakumbuka hata rangi ya kitenge cha Swafiya, lakini ng'ombe, hapana.

Alhamisi alikuja kwangu. Hakuketi. Nilimwambia ukweli, nikiamini kwamba ukweli unatosha: kwamba mume wangu anafanya kazi chini ya mkurugenzi huyo, na kwamba wakati ni mbaya.

"Naelewa, mwalimu," alisema. Akamsalimia mwanangu, akafunga lango polepole ili lisipige kelele.

Jumamosi walikuja saa nne asubuhi: Munyaneza, na mpwa wa mkurugenzi, kijana wa chuo mwenye miwani ya jua. Sisi majirani tulikuwa tumetoka nje, kila mtu kwenye mlango wake, kama watu wanaotazama maiti ikipita. Bigirimana aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake. Swafiya alisimama nyuma yake na Umuhoza mgongoni. Bigirimana hakuwazuia. Ufunguo aliuacha juu ya kiti cha gari.

Mpwa aliketi, akawasha. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena. Harufu ya petroli ikajaa uani. Akajaribu tena na tena, bila kupumzisha, na kila mara mzunguko ulikuwa mzito zaidi, mpaka betri ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa vibaya.

"Mwambie aache," Bigirimana alisema, bila kumtazama yeyote.

"Labda imeziba," alisema mpwa, akawasha tena.

Munyaneza akamjia pale kwenye ngazi. Akachuchumaa mbele yake, sauti chini, lakini mtaa wote ulikuwa kimya na tulisikia.

"Ndugu. Mimi ndiye nilikupa. Nakuomba hii tu, usininyime."

Swafiya alicheka, kicheko kifupi kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwake kabla wala baada. "Sasa ulimpa! Leo ulimpa!"

Munyaneza hakuinua kichwa. Kijana akawasha tena. Hapo Bigirimana akasimama. Nilidhani anakwenda kumpiga, na nadhani Munyaneza naye alifikiri hivyo, kwa maana alijikunja. Bigirimana alimpita. Alimwashiria kijana asogee, akamwaga petroli iliyofurika, akakausha plagi kwa shati lake, zote nne. Kisha akaziba mdomo wa karabureta kwa kiganja, akamwambia kijana, "Sasa. Usikanyage." Ikawaka mara moja.

Alibaki pale dakika nzima, kichwa kimeinama, akiisikiliza. Akakaza skrubu moja robo mzunguko. Akamwonyesha kijana jinsi ya kuziba kwa kiganja, na kwa nini asikanyage mafuta injini ikiwa baridi, na kwamba gia ya pili inataka subira. Alimwelekeza vizuri, kama mwalimu. Kisha akarudi nyuma, na gari ikatoka.

Tuliisikia ikiteremka kilima, ikapanda upande wa mjini, kisha hatukuisikia tena.

"Kwa nini umewasaidia?" Swafiya alimuuliza, mbele yetu sote, huku machozi yakimtoka.

"Walikuwa wanaiua," alisema.

Aliingia ndani. Hakuna jirani aliyesogea kumfuata. Habumugisha alikuwa wa kwanza kufunga mlango wake, na mimi nilikuwa wa pili.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Mume wangu alimwona kutoka dirisha la ofisi yake. Benchi la madereva lilikuwa na nafasi, na Munyaneza, aliyebakia na kazi yake, alisogea kumwachia pa kukaa, akapangusa ubao kwa mkono. Bigirimana alimsalimia. Akauliza habari za watoto, wote sita, kwa majina yao. Kisha akaenda kusimama juani kando ya gari la wizara, na tangu siku hiyo huko ndiko alikosubiri.