Tuliomba "eneo la wazi" wenyewe kwa makofi, tukapewa, na mimi nikampoteza jirani

Wakuu, sogeeni. Wa nyuma njooni mbele, wa mbele msizibe wenzenu, na wewe unayesoma huku umebandika maharage punguza moto kwanza, yasije yakaungua ukanisingizia mimi.

Wakubwa wote shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi.

Ninachosimulia hapa ni kweli. Mimi ni mchoma kuku, kwa hiyo chumvi kidogo itakuwepo, kazi yangu ndivyo ilivyo. Lakini kuku mwenyewe ni wa kweli, mtamla mpaka mfupa.

Shule niliishia njiani. Nasoma taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwandiko mtanisamehe.

Basi bwana.

Nipo Singida, pembeni ya mji, njia ya kwenda Mtinko. Mtaa wenyewe nauita Njiapanda tu. Jina lake kamili nabaki nalo, maana wenzangu nao wamo humu jukwaani na hawachelewi kununa.

Zamani pale palikuwa mashamba ya uwele na mawe. Mawe makubwa, kuna jingine mbuzi akilipanda leo anashuka kesho kutwa. Halafu mji ukaanza kutufuata. Ukilala mchana kidogo, ukiamka kuna jirani mpya keshahamia, anagonga mlango kuomba kiberiti.

Sisi wafanyabiashara tulifurahi. Nyumba zikiongezeka, matumbo yanaongezeka.

Pale njiapanda tulikuwa na mstari wetu wa vibanda. Wa kwanza kutoka barabarani alikuwa Zena, anauza mafuta ya alizeti. Wa pili mimi, na nusu pipa langu la mkaa na kuku wa kienyeji. Watu wananiita Kidari. Wa tatu Mama Sifa, chapati na chai. Huyo mama akiita mteja hapa, mtu aliyeko mbali kule Mgori anageuka.

Sasa upepo wa Singida mnaujua. Ule hauvumi, unasukuma. Moshi wangu ulikuwa unatoka kwenye pipa unaenda moja kwa moja kwa Zena, kama umetumwa.

"Jirani," ananiambia, "mafuta yangu yananukia kuku."

"Si ndiyo vizuri jirani? Mteja akikaanga mchicha anahisi kala nyama."

"Nyie Wanyaturu akili zenu zote moshi."

Mimi Mnyaturu, yeye Mnyiramba wa kule Nduguti, Mkalama. Sisi ni watani, kutukanana ndiyo salamu. Siku asiponitukana nilikuwa najua huyu leo anaumwa.

Yeye aliniita jirani, mimi nikamwita jirani. Miaka yote. Alikuwa ananiletea mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua, nikawalishe kuku wangu. Mimi namwekea kipapatio. Anakila huku amegeukia barabarani, eti asionekane anatafuna.

Wakuu, nimechoma kuku wa kujaza treni. Sijawahi kuona mtu anakula kipapatio vizuri vile.

Mtaniuliza, sasa ulimwambia? Tulieni.

Siku moja likapita gari la matangazo. Wadau wote wa maendeleo mnaombwa kufika kwenye mkutano uwanja wa shule, halmashauri inakuja kupanga mji na inataka maoni yenu.

Mimi neno wadau nilikuwa nalijua la humu jukwaani tu. Nikamwambia Zena, aisee jirani, kumbe halmashauri nao wapo jukwaani.

Akacheka mpaka chupa ikamtoka mkononi. Hicho kicheko ningekuwa na dumu ningekikinga.

Tukaenda. Watu walijaa, sijui hata shule siku hiyo ilipumulia wapi. Akasimama afisa mipango miji, kijana mpole, ana heshima, kaamkia wazee wote mstari mzima kabla hajafungua mdomo. Akatandika ramani juu ya meza, wenyeviti wawili wa mitaa wakaishikilia isipeperuke kwenda Manyara.

Akasema mtaa unakua, lazima upangwe. Hapa barabara, hapa zahanati, hapa soko. Akaweka kidole pale penye mstari wetu. Akauliza, "Na hapa njiapanda, nyie wenyewe mngependa pawe nini?"

Hapo ndipo hofu yetu ilipokuwa. Kulikuwa na tetesi kwamba tajiri mmoja anataka kujenga ghorofa mbele yetu pale, tuzibwe, mteja akipita na gari asituone. Kibanda kisichoonekana ni sawa na kaburi, tofauti yake kaburi halidaiwi ushuru.

Mama Sifa akasimama. Kipaza sauti akakikataa, akakiona kinampunguzia sauti.

"Sisi tunataka eneo la wazi!"

Uwanja mzima: "Eneo la wazi!"

Afisa akashangaa. "Mama, hapa pawe eneo la wazi?"

"La wazi kabisa! Asijenge mtu!"

"Na wafanyabiashara wenzako wanakubali?"

Tukasimama wote. Fundi viatu akasimama, muuza vitunguu akasimama, mimi na Zena tukasimama tunapiga makofi bega kwa bega. Hata sasa bega hili la kushoto nalikumbuka kuliko la kulia.

Afisa akafurahi, wakuu. Akasema sehemu nyingine huwa wanavutana na wafanyabiashara mpaka jasho, hajawahi kuona watu waungwana kama wa Njiapanda. Akauliza nani anapinga. Hakuna aliyejitokeza. Akachora, akatushukuru. Mama Sifa alirudi nyumbani kabebwa juu juu kama kombe.

Miezi ikapita. Mimi bado nauza, Zena bado ananitukana, maisha matamu.

Asubuhi moja nafika, nakuta kibao kipya kimesimikwa. Nikasogea nikakisoma taratibu. E-NE-O. LA. WA-ZI.

Nikapiga ukelele! Nikaita watu, jamani tumepewa! Mama Sifa akaja anakimbia na unga mikononi, akakikumbatia kibao. Tukapanga mstari tukapiga picha. Mimi nimekaa chini mbele na kuku mkononi.

Zena alikuwa amesimama tu, anaangalia. Yeye shule aliimaliza.

"Jirani," akasema, "kuna mstari wa chini hujausoma."

"Unasemaje?"

"Hairuhusiwi kujenga wala kufanya biashara ya aina yoyote."

Wakuu, kuku alinitoka mkononi. Alikuwa hajachomwa huyo, akakimbia zake, na mpaka leo nadhani bado anatucheka.

Tukaenda ofisi ya mtendaji wa mtaa kundi zima. Mtendaji akatueleza kwa upole, kama anaongea na wafiwa. Eneo la wazi kwa watu wa mipango ni sehemu inayoachwa hivyo hivyo. Watoto wacheze, watu wapumzike, upepo upite. Hapauzwi kitu.

Sisi mtaani, eneo la wazi ni sehemu ambayo haijazibwa. Unaonekana. Mteja anakuona tangu yuko mbali.

"Na mliomba wenyewe," mtendaji akasema. "Kwa makofi."

Hakuna aliyetuonea. Tulidai tuondolewe, tukaondolewa kwa heshima zote.

Tukatawanyika. Mimi nikapata kipembe nyuma ya stendi. Mama Sifa akahamishia chapati mlangoni kwake. Zena akazunguka kutafuta sehemu, kila anapoenda pamejaa. Akasema kwao Nduguti ofisi mpya za serikali zimejengwa, watumishi wanapika, watahitaji mafuta. Atarudi nyumbani akauzie huko.

Siku anaondoka nilimbebea madumu mpaka kwenye gari.

Jamani mimi ninaongea. Bubu akikaa na mimi saa moja ananiomba na yeye apewe nafasi aseme. Siku hiyo nilikuwa na maneno ya kujaza magunia.

Akasema, "Haya jirani, mimi nakwenda."

Nikasema, "Haya jirani."

Basi. Gari likaondoka.

Sasa hivi pale njiapanda pana nyasi, benchi moja, na watoto wanacheza mpira. Pazuri, sisemi uongo. Ukimleta mgeni atasifia. Mimi nikipita natafuta moshi wangu upo wapi. Upepo ni ule ule, unapita pale mtupu, haunukii kitu, hauna wa kumsumbua.

Kuna siku nilikaa pale kwenye benchi. Nikakaa upande mmoja, upande wa barabarani nikauacha. Mtoto akaja kukaa nikamwambia pana mtu. Akaangalia, akaniangalia, akaondoka.

Namba yake ninayo. Niliwahi kupiga. Akapokea, "Jirani!" Moyo ukaruka kama umekanyaga mkaa. Nikamuuliza bei ya mafuta huko ikoje. Akanitajia. Nikamwambia asante. Akasubiri kidogo, nasikia anapumua. Nikakata.

Msinicheke.

Alizeti zikichanua njia ya Mtinko, mashamba yanakuwa ya njano mpaka macho yanauma. Watu wanasema zinageuza shingo kufuata jua. Mimi mwaka huu nilisimama pale nikaona zote zimegeukia upande wa Nduguti. Labda ilikuwa saa za jua kuwa upande huo. Sijui, saa sikuangalia.

Kuku wangu nao wamekonda. Mashudu nanunua kwa mtu mwingine, wanayadonoa hivi, wananitazama.

Sasa, juzi halmashauri wakaita tena wadau. Afisa yule yule. Akasema malalamiko yamefika, wamepitia mpango upya. Eneo la wazi linabaki maana watoto wameshalizoea, ila kandokando ya barabara ndogo, kule mbele kidogo, wametenga kipande cha vizimba vya biashara. Lakini safari hii anataka kila mtu apite mbele aseme kwa mdomo wake anachotaka, hataki tena makofi ya jumla.

Mama Sifa akasimama. "Afisa, tunataka eneo la biashara, liwe wazi, ila lisiwe eneo la wazi!"

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mama, hapo tumeelewana.

Wakuu, somo langu kabla sijamalizia.

Ukiitwa kwenye mkutano nenda, usikae nyumbani halafu ukalalamike. Lakini kabla hujapiga makofi, uliza hilo neno kwenye vitabu vyao linamaanisha nini. Neno la ofisini na neno la mtaani yanaweza kufanana sura kama mapacha, kumbe mmoja mchungaji na mwenzake mwizi wa mbuzi.

La pili, mkiwa na jirani mzuri msimzoee. Mimi nilidhani Zena amekuja na kile kibanda, kama paa lake. Kumbe mtu anaweza kuondolewa na mstari wa penseli.

Njooni mchangie. Nani mwingine aliwahi kuomba kitu akapewa kingine? Na walioko Nduguti, mkipita karibu na zile ofisi mpya mkamuona mama mmoja mrefu anauza mafuta ya alizeti, anacheka kwa kurudisha kichwa nyuma, mnunulieni. Halafu mwambieni vizimba vimepatikana. Msimwambie nani kawatuma. Au mwambieni tu.

Mnataka kujua mkutano uliishaje? Haya.

Afisa alikuwa anaandikisha watu. Akaeleza, anayetaka kizimba aseme, na anayetaka kiwanja kipya pia aseme cha matumizi gani: cha makazi, cha biashara, au makazi na biashara, yaani unauza mbele unaishi nyuma.

Zamu yangu ikafika.

"Naomba kizimba cha pili kutoka barabarani," nikasema. "Na kile cha kwanza msimpe mtu."

"Cha kwanza cha nani?"

"Cha Zena."

Afisa akaangaza uwanja. "Zena yupo?"

"Yupo Nduguti."

"Ameomba kizimba?"

"Hajaomba."

"Anajua kama vipo?"

"Bado."

Akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa huruma. "Kaka yangu, hapa tunagawa vizimba vya biashara. Wewe hasa unaomba nini?"

Mimi Kidari, muongeaji wa mkoa, mdomo wazi, sauti haitoki.

Nyuma kule Mama Sifa akashindwa kuvumilia:

"Afisa usimchoshe, mwandikie makazi na biashara!"