Mwenye Kumdai Jaji

Wigi lilikuwa la pamba na gundi, na lilinuka. Wiki nzima lilikaa juu ya meza ya chakula kwenye ghorofa yetu ya Weston, Kanada, na kila nilipopita nililitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Lilikuwa wigi la jaji. Binti yetu wa darasa la sita alipangiwa na mwalimu mtu wa kuigiza siku ya historia: kila mtoto avae kama mtu wa kale, asimame mbele ya wazazi, aeleze maisha ya mtu huyo kwa kusema “mimi”.

Mtu wake alikuwa Mmarekani wa enzi zile taifa lao lingali bichi. Alianza na uwakili, akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, akamalizia na ujaji. Karatasi ya shule ilimsifu mpaka ikaishiwa pumzi: mchapakazi, mcha Mungu, mpenda bustani, mwema kwa watumishi wake.

Nikamtafuta mtandaoni, wala sikuhitaji kuchimba. Watumishi hao alikuwa amewanunua. Mmoja, mwanamke, alitoroka na mtoto wake kuja huku Kanada, na jaji akatuma watu wawafuate. Mama alivuka. Mtoto alikamatwa, akarudishwa. Sheria ya kuwakamata watumwa watoro, bwana huyu aliitetea akiwa wakili, akaipigia kura akiwa mbunge, akaitumia akiwa jaji. Kwetu tunalalamika kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere. Huyu hata ngedere hakumhitaji.

Nikaenda shuleni. Mwalimu alitabasamu muda wote. Akasema watoto wa umri ule wapewe yale yanayojenga, na kwamba anaheshimu sana hisia zangu. Mimi nimempelekea habari ya mtoto aliyeibwa, yeye ananirudishia hisia zangu.

Mume wangu ni mtu wa amani, wa kupitiliza. Akasema tusijipatie jina la ugomvi pale shuleni, tufunike kombe mwanaharamu apite. Nikamjibu kwamba nyumba hii makombe yameisha kwa kufunikwa. Kilichoniuma ni kimoja: mwanangu, na ngozi yake hii, atamwazima mtu yule sauti, na ukumbi mzima utapiga makofi.

Nilimsimulia binti habari ya yule mama. Alisikiliza, akaendelea kubandika pamba.

“Mama, please, usirudi kwa teacher,” akaniambia. “It's me atakayesimama.”

Ijumaa ya wiki ile tulikwenda msikitini Etobicoke kwenye maziko ya mzee jirani yetu. Kabla ya kuswaliwa, mwanawe mkubwa alisimama, akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, na kama aliwakosea watu, wamsamehe. Nasi tukaitikia, wanaume mbele na wanawake nyuma, kwamba tumemsamehe. Kwenye gari binti akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha kila siku, ni nani hasa mwenye haki ya kusamehe. Nikamwambia ni wale waliokosewa.

Siku ya historia alivaa wigi lake na joho lililokatwa kwenye pazia letu kuukuu. Akasema yote yaliyoandikwa, bustani ndani, watumishi ndani. Makofi yalipoanza, mimi sikupiga. Nilimchukia yule jaji, na nilimchukia kila mzazi aliyekuwa akipiga makofi na simu mkononi.

Lakini binti hakuondoka. Akainua mkono mpaka wakanyamaza, kisha, yeye ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili:

“Kama kuna mtu ananidai, ajitokeze. Na kama niliwakosea, naomba mnisamehe.”

Akarudia kwa Kiingereza, na safari hii akamtaja yule mama, kwamba alivuka peke yake, na mtoto, kwamba alirudishwa. Mwalimu bado alikuwa na tabasamu lake, ila halikuwa tena na pa kwenda.

Mume wangu, kwa mazoea ya msikitini, akafungua mdomo aitikie. Nikamshika mkono kwa nguvu.

“Nyamaza,” nikamwambia. “Wanaomdai hawapo hapa.”

Pale mbele binti yetu alikuwa bado amesimama, wigi limelala upande, akisubiri.